Mbwa wangu haachii alichokamata, nianzie wapi?

*"Daktari, shikamoo. Nipo Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini, jirani na mashamba ya zabibu. Nina mbwa dume wa kienyeji, Bobi, ana miezi kumi. Chochote anachokiona chini lazima akitie mdomoni: ndala, soksi, magunzi ya mahindi, mifupa. Nikimfuata anazunguka nyumba mbio. Nikimbana ukutani anang'ang'ania zaidi au anakimeza kabisa. Mume wangu humpiga ndala mdomoni mpaka aachie. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka sita alitaka kumnyang'anya mfupa, Bobi akamngurumia. Jirani mmoja anasema nipake vitu pilipili, mwingine anasema mbwa wa kienyeji hafundishiki, niachane naye. Je, naweza kumfundisha aachie kitu nikimwambia? Itachukua muda gani?"*

Marahaba, mama. Una mbwa anayeokota, anayekimbia na alichookota, anayemeza akibanwa, na sasa ameanza kumngurumia mtoto. Yanaonekana ni mambo manne, ila mzizi wake ni mmoja na nitaufikia. Kwanza tumalize la mtoto, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri mafunzo.

Kuanzia leo mwanao asimsogelee Bobi akiwa anakula au ana kitu chochote mdomoni, na mtu yeyote asimtume kwenda kumnyang'anya. Mfupa, kama lazima apewe, apewe akiwa amefungiwa bandani na mtoto hayupo karibu. Halafu msimwadhibu kwa kunguruma. Najua inauma kumsikia mbwa akimngurumia mwanao, lakini mngurumo ni onyo, na mbwa anayeonya anawapa nafasi ya kurudi nyuma. Mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kunguruma hofu yake inabaki palepale, kinachoondoka ni onyo tu, na siku nyingine anauma bila kutoa sauti. Kabla ya mngurumo kuna dalili ndogo ambazo mtu mzima anapaswa kuzijua: mwili unaganda ghafla, kichwa kinashuka na kukifunika kitu, anaanza kula haraka haraka, anakutazama kwa pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana. Ukiona hata moja, simama hapo ulipo. Mtoto wa miaka sita hawezi kutegemewa kuzisoma dalili hizi, kwa hiyo jukumu ni la mtu mzima aliyepo.

Sasa hayo ya majirani. Mbwa wa kienyeji anafundishika kama mbwa mwingine yeyote. Wenzake wanachunga mbuzi na ng'ombe mkoa mzima wa Dodoma, wanatofautisha mwenyeji na mgeni usiku, wanajua saa ya chakula na njia ya malamboni. Anayejifunza yote hayo bila mwalimu hawezi kushindwa neno moja. Pilipili nayo haimfundishi kuachia. Inamfundisha kuepuka ile ndala moja uliyoipaka, kisha anahamia ya pili, na macho na pua yake vinaumia bure. Wala Bobi si mbishi. Katika miezi kumi meno ya kudumu yameshaota, lakini hamu ya kutafuna bado iko juu, na kwa mbwa mdomo ndio mkono wa kushikia na kuchunguzia.

Kipigo cha mumeo nitakizungumza kwa haki, maana yeye hapigi bila sababu: kipigo kinafanya kazi siku hiyohiyo. Maumivu yanafungua taya, ndala inarudi, mtu anaona amefaulu. Hasara yake inakuja wiki zinazofuata, nayo ni hii.

Fanya hesabu kama anavyoifanya Bobi. Tangu akiwa mdogo, kila mkono wa mtu ulipokaribia mdomo wake kitu kilipotea, na mara nyingine kipigo kikaongezwa juu yake. Kwake mkono unaokuja ni hasara. Mnyama anayetarajia hasara ana njia tatu: kukimbia nacho, kukimeza kabla hakijachukuliwa, au kumtisha anayekuja. Bobi ameshajaribu zote tatu, na kila moja imemlipa. Alipokimbia alipata na mchezo wa kufukuzana juu yake, hivyo ndala isiyo na thamani yoyote ikapanda bei kwa sababu watu wazima wanaikimbilia. Alipomeza, hakunyang'anywa. Alipomngurumia mtoto, mtoto alirudi nyuma. Huo ndio mzizi niliosema.

Lipo na la mwili. Misuli ya kufunga taya ya mbwa ni mikubwa na yenye nguvu, ile ya kufungua ni midogo. Ukivuta kitu anachoshika, anakaza, na unakuwa umeshindana naye pale alipo hodari kuliko wewe. Njia rahisi ni kumfanya afungue mwenyewe. Mbwa hawezi kula huku ndala iko mdomoni. Neno moja likishakuwa na maana ya "chakula kinadondoka chini", taya inalegea kabla hajafikiri.

Tuchague neno. Watu wengi hutumia "acha", na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu "acha" husikika nyumbani siku nzima: acha kelele, acha kuchezea maji, acha hiyo. "Achia" inafanana nalo mno. Mimi napendelea "Tema". Ni fupi, inaanza kwa sauti kavu ambayo mbwa huipata vizuri, haisemwi ovyo, na ndiyo unayomwambia mtoto aliyetia jiwe mdomoni, kwa hiyo itakujia yenyewe siku ya hatari. Nyumba nzima itumie neno hilohilo. Baba akisema "achia", mama "toa" na watoto "lete", Bobi atakuwa na maneno matatu yasiyo na maana.

Chakula cha mafunzo kizidi thamani ya anachokishika. Ugali hauwezi. Mapupu au maini ya ng'ombe kutoka buchani yanafaa sana, ila yachemshwe angalau dakika 30, kwa sababu mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ya tegu. Mbwa akiyala mabichi, hubeba minyoo hiyo na mayai yake yanaweza kuwaambukiza watu wa nyumbani. Yakipoa, kata vipande vidogo kama punje ya harage. Dagaa wakavu wasio na chumvi wanafaa pia kwa hatua za mwanzo. Weka maini akiba kwa hatua ngumu.

Hatua ya kwanza haina kitu mdomoni kabisa. Fanya saa 12 asubuhi au jioni jua likiwa limepoa. Mchana wa Dodoma mbwa anahema tu, hajifunzi. Chukua vipande 30 hivi kwenye kikopo. Simama naye, sema "Tema" mara moja kwa sauti yako ya kawaida, hesabu moja kimoyomoyo, kisha dondosha vipande vinne au vitano chini mbele yake na umwoneshe kwa kidole kimoja baada ya kingine. Hicho kidole kina kazi yake: kinamzoeza mkono wako kuwa karibu na mdomo wake bila hasara, na ndio mkono utakaookota kitu baadaye. Rudia mara sita, pumzika, basi. Asubuhi na jioni, kwa siku tatu au nne. Kisha mjaribu akiwa ananusa ukuta: sema "Tema". Akigeuka papo hapo na kutazama chini miguuni pako, neno limeingia. Asipogeuka, ongeza siku mbili, hakuna kilichoharibika.

Mpangilio huo wa neno kwanza, chakula baadaye, usiuchezee. Ukitoa chakula kabla ya neno, au mkono ukiingia kwenye kikopo wakati unasema, Bobi atajifunza kutazama mkono, na siku huna kitu mkononi atakutazama tu. Hilo ndilo kosa linalozaa mbwa "anayeachia akiona nyama tu".

Hatua ya pili, tafuta kitu hafifu: kipande cha kamba ya katani cha nusu mita, au kitambaa kikuukuu kilichopigwa fundo. Mchezeshe kidogo mpaka akamate, nawe ushike ncha nyingine bila kuvuta. "Tema." Hesabu moja. Dondosha chakula. Ataachia ili ale. Mara tatu za mwanzo usiiguse kamba hata kidogo, mwoneshe tu vipande vilipo. Mara ya nne, akiwa anafuata vipande vilivyo mbali kidogo, iokote kwa mkono wa pili, ishike kidogo, kisha mrudishie.

Hapo kwenye kumrudishia ndipo nakuomba uweke nguvu zako zote, maana wengi huruka hapo. Wanafundisha vizuri, mbwa anaachia, wao wanachukua kitu na kuondoka nacho. Baada ya siku chache mbwa ameshang'amua kwamba "Tema" ni mwisho wa raha, anaanza kusita. Katika mara kumi, mrudishie kitu mara nane au tisa. Bobi akiamini kwamba kuachia si kupoteza, hana sababu ya kumeza wala ya kukimbia.

Akiachia mara nane kati ya kumi bila kusita, ingia mchezo wa kuvutana kwa kamba hiyohiyo. Wapo wanaosema kuvutana kunamfanya mbwa kuwa mkali. Kwa mbwa wa kawaida, mchezo wenye kanuni ni darasa bora, kwa sababu anajifunza kuachia akiwa amechangamka. Vuta naye sekunde kumi, kisha ubane mkono wako kwenye paja kamba isicheze tena, sema "Tema". Akiachia, malipo mara nyingine ni chakula, mara nyingine ni mchezo kuanza upya. Meno yakigusa mkono, mchezo unakwisha kwa dakika moja, bila ukali.

Baada ya hapo panda ngazi ya thamani polepole: fimbo, chupa tupu ya plastiki bila kifuniko, kisha kipande kikubwa cha ngozi ngumu. Usitumie ndala kuukuu kama kitu cha mafunzo, mbwa hajui ipi ni kuukuu na ipi ni ya Jumapili. Kila ukipanda ngazi, rudisha chakula kuwa kingi na kitamu. Kila ukibadilisha mahali, kutoka uani kwenda njiani, shuka ngazi moja kwanza. Na usifanye zoezi zima siku moja kwa sababu ameonekana mwerevu. Vipindi vya dakika tatu hadi tano vinashinda nusu saa.

Mfupa uwe wa mwisho, tena ushughulikiwe na mtu mzima peke yake, kwa sababu hapo Bobi ameshanguruma. Usianze kwa kumwambia ateme. Pita umbali ambao hagandi, labda mita tatu, mrushie kipande cha ini, endelea na safari yako. Rudia siku kadhaa. Ukiona anainua kichwa na kukutazama usoni kwa matumaini badala ya kuganda, punguza umbali kwa nusu mita. Ukiona ameganda, umekwenda haraka, rudi nyuma. Ukifika karibu naye akiwa ametulia, ndipo "Tema" itumike kwenye mfupa, kwa ini, na mfupa umrudie.

Utaniuliza: si atajifunza kuiba ndala ili alipwe? Inawezekana, na baadhi ya mbwa hufanya hivyo. Dawa yake ni mbili. Cheza zoezi mara nyingi zaidi akiwa na vitu vyake halali kuliko vya wizi, na viatu vikae juu au ndani. Ila nikipewa kuchagua kati ya mbwa anayeniletea ndala akitarajia dagaa na mbwa anayemeza soksi akiniona, nachagua wa kwanza. Chakula unaweza kukipunguza taratibu kutoka vipande vitano hadi kimoja, lakini usikikatishe kabisa. Na mlishe mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana, maana mbwa mwenye njaa haachii kirahisi.

Sasa, siku mafunzo hayajakomaa na Bobi ana kitu hatari mdomoni ufanye nini? Usimkimbize. Sema "Tema" mara moja, tawanya konzi nzima ya chakula mbali na kile kitu, ongoza macho yake huko, na ukiokote akiwa ameshasogea. Kama huna chakula, kimbia upande mwingine ukimwita kwa furaha, au chukua mnyororo kama mnaotoka. Mara nyingi hudondosha ili akufuate. Akija, usimpige kwa lolote, hata akiwa ameharibu.

Kwa huko kwenu vitu hatari navijua vinne. Magunzi hayasagiki tumboni mwa mbwa, na kipande kimoja kinatosha kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha. Zabibu, za aina yoyote, pamoja na zilizokaushwa na makapi yanayobaki baada ya kukamuliwa mvinyo, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mbwa mmoja anakula nyingi asidhurike, mwingine anaugua kwa chache. Msimu wa mavuno Bobi asizurure shambani wala kwenye marundo ya makapi. Ya nne ni sumu ya panya. Mahindi na karanga zilizoota ukungu usizimwagie mbwa pia. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huharibu ini la mbwa vilevile.

Akimeza chochote kati ya hivyo, usisubiri dalili na usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, useme amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Kwa zabibu, saa chache za mwanzo ndizo za kumwokoa. Kwa sumu ya panya nenda na pakiti, kwa sababu aina nyingi huzuia damu kuganda na mbwa huonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutoka damu. Akimeza soksi, gunzi au kamba, hatari ni utumbo kuziba: kutapika kwa kurudiarudia, kukataa chakula, tumbo kuuma, kujikamua choo kisitoke. Uzi ukionekana umetokeza nyuma, usiuvute, unaweza kukata utumbo kwa ndani.

Muda? Neno lenyewe ni wiki moja. Kuachia vitu vya kawaida uani ni wiki tatu hadi tano mkifanya kila siku. Mfupa unaweza kuchukua miezi miwili au zaidi, na mumeo akimpiga tena ndala mdomoni hata mara moja, hesabu inaanza karibu upya. Mwombe yeye ndiye acheze ule mchezo wa kuvutana. Mbwa wengi huishia kumheshimu zaidi mtu anayecheza naye kwa kanuni.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Kama Bobi ameshauma, kama ananguruma hata kwa ndala au kwa kupitiwa tu na mtu, au kama mtoto hawezi kutenganishwa naye nyumbani, muone daktari wa mifugo ana kwa ana kabla ya kuendelea. Aliyeanza ukali ghafla akaguliwe meno na masikio, maumivu humfanya mbwa mpole kuwa mkali. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya mwaka huu na cheti unacho. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na mbwa yeyote, awe Bobi au wa jirani, akibadilika ghafla akaanza kuuma mawe, miti na minyororo, sauti ikabadilika, taya ikalegea na mate yakatiririka, huyo hana shida ya kuachia vitu. Watu wengi huona mdomo ulio wazi wakadhani mfupa umekwama kooni, wakaingiza mkono kuutoa. Usiingize. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Fungia mlango hapo alipo, mwite afisa mifugo wa kata, na yeyote aliyeguswa na mate yake kwenye kidonda, jicho au mdomo aende hospitali hata kama hakuumwa.